Sakafu ya banda la gari lililogeuzwa karakana

SWALI

Kwako Mzee Mshauri,

Assalamu alaikum. Mimi ni seremala hapa Malindi, na kazi yangu kubwa ni milango, vitanda na makabati ya nyumba za watu na ya hoteli ndogo za upande wa Watamu. Kwa muda mrefu nilikodi kibanda kando ya barabara, lakini kodi ilipopanda tulikubaliana na mke wangu kwamba gari lilale nje na banda lake liwe karakana. Banda lina ukubwa wa futi 10 kwa 20, kuta ni za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu, paa ni la mabati, na mlango mkubwa unatazama uani. Nimekwisha kuingiza msumeno wa meza, randa ya umeme, keekee ya kusimama na benchi langu lenye jiliwa.

Tatizo ni sakafu. Ni ya simiti nyembamba iliyomwagwa zamani na marehemu baba mkwe, na sasa inatoa vumbi la kijivu kila ninapofagia, hata nikipaka vanishi jioni, asubuhi hulikuta limenata juu ya kazi. Wakati wa masika kona iliyo karibu na ua hugeuka nyeusi kwa unyevu, na ikikauka huacha unga mweupe chini ya ukuta. Mbao za mvule nilizozisimamisha hapo mwezi wa Mei zilipinda na kuota ukungu upande uliogusa chini. Zaidi ya hayo, patasi ikianguka humenyeka makali, na ikifika magharibi miguu na kiuno huniuma kwa kusimama.

Nimepewa ushauri wa namna tatu. Shemeji yangu anayeishi Kanada ana gereji yenye hita, ambayo ndani yake hufanya kazi za mbao wakati wa baridi. Yeye ametandika mbao za povu juu ya zege, kisha plaiwudi juu yake, na anasema hakuna sakafu inayomzidi. Muuza rangi mjini ananishauri nipake epoksi, niwe na sakafu inayong'aa. Mke wangu anasema tuna maboksi ya vigae yaliyobaki tulipojenga sebule, basi kwa nini tununue kitu kingine? Fedha ninazo kiasi, ila si za kufanya kazi hii mara mbili. Nichague lipi, na je, nitaweza kuendelea na kazi sakafu ikitengenezwa?

Seremala, Malindi

JIBU

Waalaikumu salaam, ndugu yangu.

Barua yako imeuliza habari za vigae, rangi na plaiwudi, lakini jambo zito kuliko yote umelitaja kwa kupita tu, nalo ni ile kona inayogeuka nyeusi wakati wa masika. Kabla ya kununua chochote, inafaa ujue maji yale yanatoka wapi, kwa sababu kila kitu utakachokitandika au kukipaka juu ya sakafu yenye maji kitaharibika, kiwe cha bei rahisi au cha bei ghali.

Sakafu ya pwani hupata unyevu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutoka ardhini: simiti ina vinyweleo vidogo sana, na maji yaliyo kwenye udongo hupanda kupitia humo hata pasipo dimbwi lolote chini. Ya pili ni kutoka hewani: zile asubuhi za kusi baada ya mvua, hewa inapokuwa nzito na sakafu ikawa imepoa usiku kucha, mvuke wa hewani hugeuka maji unapoigusa, na mtu akadhani sakafu inavuja ilhali inatoka jasho tu. Kuzitofautisha hakuhitaji mtaalamu. Chukua kipande cha nailoni nzito na angavu chenye upana wa nusu mita kila upande, kilaze juu ya sakafu safi penye shaka, ukibandike kingo zote nne kwa gundi ya utepe ili hewa isiingie, kisha ukiache usiku kucha na mchana wake. Ukikuta matone chini ya nailoni, au simiti iliyofunikwa imekoza rangi kuliko iliyo kando yake, maji yanapanda kutoka chini. Ukikuta matone juu ya nailoni huku chini yake pamekauka, ni jasho la hewa, na dawa yake ni kufungua madirisha. Fanya jaribio hilo kwenye ile kona na tena katikati ya banda, na ulifanye wakati ardhi imelowa, kwa maana jaribio la mwezi wa Februari linaweza kukudanganya.

Hata hivyo, ule unga mweupe tayari umenielekeza upande mmoja. Ni chumvi. Maji yanayopanda huiyeyusha chumvi iliyomo ardhini, ukutani au ndani ya simiti yenyewe, huipandisha hadi juu, kisha hukauka yakaiacha hapo. Huku kwetu kuna sababu nyingine ambayo mafundi wanaijua lakini hawapendi kuisema mbele ya mwenye nyumba: sakafu nyingi za zamani zilichanganywa kwa mchanga wa ufuoni kwa kuwa ulikuwa karibu na haukuwa na gharama. Mchanga huo una chumvi ya bahari, na chumvi hunyonya unyevu wa hewani mwaka mzima, hata kama mvua hainyeshi. Sakafu ya namna hiyo haikauki kabisa, na kama ina chuma ndani, chuma hicho huliwa na kutu.

Anza kwa kutoka nje ukautazame ukuta wa kona ile. Angalia kama udongo wa ua umepanda ukalingana na sakafu ya ndani au kuipita, jambo linalotokea sana ua unapojazwa kifusi mwaka baada ya mwaka. Angalia pia maji ya mabati yanaangukia wapi: kama hakuna mfereji wa paa, mvua yote ya upande huo inamwagwa kwenye mguu wa ukuta. Chimba udongo hadi uwe chini ya sakafu kwa shubiri moja hivi, weka mfereji unaopeleka maji mbali, na uuinamishe ua ili maji yakimbie banda. Kazi hii ni ya jembe na sepeto, na huenda ikakupunguzia nusu ya taabu kabla hujanunua mfuko hata mmoja wa simiti.

Sasa nije kwa shemeji yako, ambaye hakukosea hata kidogo, ila sakafu yake inajibu swali la Kanada. Kule ardhi huganda wakati wa baridi, na zege lililolazwa juu yake huwa baridi kiasi kwamba mtu hawezi kusimama kutwa. Mbao za povu huzuia joto la hita lisipotelee ardhini, na plaiwudi huipa miguu kitu chenye uvuguvugu. Pia zege likiwa baridi na hewa ya ndani ikawa na joto, unyevu hugandia juu ya zege, kwa hiyo kulifunika kwa povu kunazuia jasho lile lile nililolieleza. Hata huko ushauri hubadilika kulingana na hita: wenye mabomba ya maji ya moto ndani ya zege hawapendi kutandika mbao nene juu yake, kwa sababu mbao zitalizuia joto lisipande kwenye chumba, na wengi wao huliacha zege wazi au hulifunika kwa kitu chembamba na kigumu. Kwako, joto ndilo unalolikimbia. Povu halitakusaidia kwa lolote, na ule uwazi mdogo chini ya plaiwudi, wenye giza, unyevu na harufu ya mbao, utakuwa makao ya mchwa kabla ya mwaka kwisha. Seremala anayepigana na mchwa katika mbao za wateja hana haja ya kuwajengea nyumba chini ya miguu yake.

Kuhusu epoksi, muuza rangi anasema kweli kwamba ni ngumu, haitoi vumbi na husafishika kwa urahisi. Lakini epoksi ni utando usiopitisha maji, na maji yanayopanda yakikutana nao huusukuma kutoka chini hadi utoke malengelenge na kubanduka vipande vipande. Ili ishike, simiti lazima iwe kavu, iwe imara, iwe imesuguliwa kwa mashine hadi ikwaruze, na isiwe na mafuta wala vumbi. Nawe una sakafu yenye unyevu, inayopukutika, ambayo gari lilikuwa likiidondoshea oili. Zaidi ya hapo, mchanganyiko wake huganda upesi kwenye joto letu, na ukipakwa hewa ikiwa na unyevu mwingi uso wake hufanya utando wa utelezi wenye ukungu. Karibu na mlango, jua litaugeuza rangi ya manjano. Haya yote yana njia zake katika kiwanda chenye mafundi wa kazi hiyo. Kwa banda la nyumbani ambalo sakafu yake haijatibiwa, kupaka epoksi ni kutupa fedha, na sioni haya kumwambia muuza rangi hivyo mbele ya makopo yake.

Vigae vya sebule naviheshimu, na mama watoto ana haki ya kuona uchungu vikikaa bure. Lakini kigae cha sebule kimetengenezwa kwa ajili ya miguu na viti. Nyundo au juba likianguka, kinapasuka. Mguu wa randa ya umeme hukalia eneo dogo kama kiganja kwa uzito mkubwa, na palipo na uwazi chini ya kigae patavunjika. Vikiwa na maranda na unga wa mbao juu yake vinateleza vibaya sana, na karibu na msumeno wa meza sitaki uteleze. Vitumie kwenye kona ya kunawia na kwenye ukuta wa nyuma ya meza ya vanishi, ambapo vitafutika vizuri na hakuna kitakachoviangukia.

Mawe ya Galana na ya Mazeras, ambayo labda jirani atakutajia, yanapendeza sana uani na kwenye veranda, lakini uso wake haulingani na mkokoteni utakwama.

Ninachokushauri ni simiti nzuri, iliyo wazi, iliyozuiliwa maji kutoka chini. Gonga sakafu ya sasa kwa nyundo. Inapolia kama debe, au inapochimbika kwa ncha ya bisibisi, haifai kujengewa juu, nami kwa maelezo yako naona itabidi ivunjwe. Chini yake shindilia mawe na kifusi, sawazisha kwa mchanga mwembamba ili pasibaki jiwe lenye ncha, kisha tandika nailoni ya geji 1000 iliyo kipande kimoja ikiwezekana. Ikibidi kuunga, vipande vilaliane kwa futi moja na vibandikwe, na kingo zipandishwe ukutani hadi usawa wa juu wa sakafu. Simama hapo mwenyewe nailoni inapotandikwa. Hii ndiyo safu ambayo fundi mwenye haraka huitoboa kwa mguu wa toroli, akaifunika kwa zege, na hakuna atakayejua hadi masika mengine. Elewa pia kwamba nailoni inailinda sakafu peke yake. Ukuta wa matumbawe unaweza kuendelea kunyonya maji kwa njia yake, na ndiyo maana ile kazi ya jembe huko nje haiepukiki.

Zege liwe la unene wa inchi 4, kwa kipimo cha simiti 1, mchanga 2 na kokoto 4, likiwa na waya wa BRC, yaani wavu wa chuma wa kulitia zege nguvu, ulioinuliwa kwa vijiwe usilale chini kabisa. Kwa futi 10 kwa 20 utahitaji karibu mita 2 za ujazo za zege, ambazo zitakula takriban mifuko 12 ya simiti ya kilo 50. Mchanga uwe wa mto, na uuonje kwa ulimi ukiwa na shaka; maji yawe ya bomba, kwani visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Katikati ya urefu wa banda pakatwe mkato wa kina cha inchi 1 kutoka ukuta hadi ukuta, ili zege linaposinyaa lipasuke ndani ya mstari huo badala ya kujichagulia njia.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa vumbi unalolilalamikia huzaliwa siku ya kumwaga. Fundi anapenda zege jepesi kama uji kwa sababu humwagika lenyewe, lakini maji ya ziada hupanda juu pamoja na simiti dhaifu, na hiyo ndiyo ngozi inayokuja kupukutika. Kosa jingine ni pale maji yanapotuama juu na fundi, ili amalize mapema, akayanyunyizia simiti kavu na kuyafuta kwa mwiko. Ngozi hiyo inang'aa siku ile, na baada ya miezi michache hubanduka kama maganda. Dai zege zito, lishindiliwe vizuri kwa ubao, liachwe hadi maji ya juu yapotee yenyewe, ndipo lilainishwe kwa mwiko wa chuma mara mbili au tatu kadiri linavyokaza. Ukitaka niru, ile ngozi laini ya simiti inayopakwa juu ya sakafu, ipigwe siku hiyo hiyo zege likiwa bado bichi, iwe nyembamba, na imalizwe kwa mwiko bila kung'arishwa mno, kwa sababu niru laini kama kioo huteleza sawa na kigae. Ukiipenda ile niru nyekundu ya nyumba za zamani sina neno, ila kumbuka kwamba palipochimbika pataonekana.

Baada ya hapo, sakafu inywe maji siku 7. Ifunike kwa magunia yaliyolowa au kwa nailoni, na usiruhusu ikauke hata saa ya adhuhuri, hasa upepo wa kaskazi ukivuma. Zege haliwi gumu kwa kukauka. Linakuwa gumu kwa kuyatumia maji, na likinyimwa maji mapema uso wake hubaki dhaifu maisha yake yote.

Kuna mambo mawili ya kupanga kabla ya kumwaga. La kwanza ni mteremko: kuelekea mlangoni weka mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita, ili maji ya mvua ya upepo yatoke. Usiogope kwamba mashine zitalala upande, kwa maana miguu ya mashine hukazwa kwa kabari ngumu na pima maji. La pili ni umeme: laza bomba la plastiki ndani ya zege kutoka ukutani hadi mahali utakaposimamisha msumeno wa meza, hata kama hujaamua kulitumia. Waya unaotambaa sakafuni katikati ya maranda ni mtego, na nafasi ya kuuficha utakuwa nayo siku moja tu.

Miguu na kiuno chako havitaponywa na zege, wala patasi zako. Kwa hayo, weka kitu laini pale tu unaposimama: mbele ya benchi, na mbele ya keekee. Mkeka mzito wa mpira, au kipande cha ule mpira wa viwandani unaobeba kokoto ambao wauza vyuma chakavu huwa nao, unatosha. Mimi mwenyewe napenda zaidi chaga za mbao zilizopigiliwa kwa mwanya wa kidole, kwa sababu maranda hupenya chini, makali hayamenyeki, na zikichakaa una mbao za kutengeneza nyingine. Ziinue mwisho wa juma ufagie chini yake. Kwenye msumeno usiweke mkeka wenye kingo za kujikwaa. Afadhali sakafu tupu iliyofagiwa.

Ikiwa fedha hazitatosha kuvunja na kumwaga upya mwaka huu, rekebisha mifereji na udongo wa nje, ziba mashimo, kisha uulize dukani dawa ya silikati ya kukaza simiti. Hiyo huingia ndani ya vinyweleo na kuikaza ngozi ya juu bila kufanya utando, kwa hiyo mvuke bado hupita na hakuna kinachobanduka. Itapunguza vumbi pale ambapo simiti bado ina nguvu, ila unyevu itauacha ulivyo, na mbao zako utaendelea kuziinua juu ya magogo, mbali na ukuta ule.

Umeuliza pia kama utaweza kuendelea na kazi. Ungeweza kumwaga nusu ya banda kwanza na nusu baadaye, kwa kuwa mkato wa katikati unakupa mpaka wa asili, mradi ubakize ukingo wa nailoni wa kutosha kuungia upande wa pili na ufunike mashine kwa turubai. Lakini vumbi la kuvunja litaingia kila mahali, nami ningechagua kuhamishia benchi chini ya kivuli uani kwa muda huo na kufanya kazi za mkono. Baada ya siku 7 unaweza kurudisha benchi na kutembea bila hofu. Randa na msumeno zisubiri zitimie siku 28. Panga kazi ianze mwezi wa Januari, ili zege lipate nguvu kabla ya masika, na zile siku za kunywesha maji mkabidhi mtu mmoja mwenye jukumu hilo, kwa kuwa jambo la kila mtu saa ya adhuhuri huwa si la mtu yeyote. Malipo ya mwisho ya fundi yabaki mkononi mwako hadi siku hizo 7 zitimie.